Maneno Saba Ndani ya Biblia ya Baba

Juzi nilikwenda kule Bahati kwa seremala kuagiza jeneza la mama. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi. Nilichagua mbao, nikabishana naye juu ya vishikio, nikamwambia wazi kwamba mama hakuwa mtu wa mapambo na asituletee maua ya plastiki. Nilikuwa mkali hata nikajishangaa. Halafu kijana wake akaanza kupasua mtarakwa wa mteja mwingine kule nyuma, harufu ikanifikia, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikakaa chini juu ya gogo nikalia. Seremala akasema, "Pole, mathe. Mzazi ni mzazi." Nilimwacha aamini hivyo. Nilikuwa namlilia mama, ndiyo, lakini si mama peke yake.

Mama amekufa bila kujua jambo moja. Nimelificha tangu nikiwa darasa la pili, na sasa wa kumficha hayupo, kwa hiyo acheni niseme.

Tuliishi katika laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Elburgon. Nyumba zetu zilijengwa kwa mabanzi, zile kingo za magogo zenye magome ambazo mzungu hakuzitaka. Mabanzi hayakutani sawasawa. Jirani akikohoa upande wa pili, wewe huku unamtafutia maji. Baba alikuwa ametoka Maragoli akiwa kijana, akaanza kwa kusukuma magogo, mpaka akafika chumba cha misumeno. Kazi yake ilikuwa kunoa. Wenzangu wa rika langu mlioishi karibu na viwanda mtakumbuka ule mlio wa msumeno mkubwa ukiingia gogoni, ulivyopanda na kushuka mchana kutwa, na siku uliponyamaza watu walitoka nje kuuliza nani amekufa.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Wambui. Mama yangu alifika pale bibi arusi asiyejua baridi, na Mama Wambui, Mkikuyu aliyezaliwa papo hapo, ndiye aliyemfundisha kupika kwa vumbi la mbao. Unachukua mkebe wa rangi uliotobolewa chini, unasimamisha chupa katikati, unashindilia vumbi pembeni mpaka liwe gumu, kisha unachomoa chupa taratibu ili tundu libaki. Likiwashwa vizuri linapika maharagwe kutoka asubuhi hadi jioni. Ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike chupa na mwingine ashindilie, na hao wawili waliifanya kila asubuhi mlangoni petu huku wakisengenya laini nzima.

Basi ikaja Emajensi, ile hali ya hatari ambayo serikali ya mkoloni iliwasaka Wakikuyu waliokula kiapo cha kuipinga, na kila mtu akawa na jicho la pembeni. Mtu akinyamaza alishukiwa kwa kunyamaza, na akiongea, kwa nini anaongea sana? Bwanake Mama Wambui alichukuliwa kazini, akiwa bado na kipande cha gunia cha kubebea mbao begani, na hakurudi. Kambi gani ya kizuizini, hakuna aliyejua. Mama Wambui akawa anakwenda kwa nyapara kila mara kuuliza habari, na watu wakaanza kuhesabu safari zake.

Juu ya hayo yote tulikuwa na Bwana Puru. Alikuwa fundi mkuu wa misumeno, mzungu lakini si Mwingereza. Wazungu wenzake hawakumwalika kwao, na sisi tukasema, ikiwa wao wenyewe hawamwamini, sisi ni nani? Alitoka nchi iitwayo Finlandi. Alikuwa na nyusi nyeupe kabisa na alitembea akijisemea. Kila msumeno ulipomaliza gogo, alichota vumbi lililoanguka chini, akalisugua kwa vidole, akalinusa, wakati mwingine akalionja haki ya Mungu, kisha akatamka neno lake. Katika neno hilo watu walisikia "puru", ndipo wakampa jina.

Jumapili moja mama alinituma ndani nilete Biblia. Ilikuwa ya baba, kubwa, imefungwa kwa kamba ya ngozi. Nilipoinyanyua ikafunguka kwenye Zaburi, na karatasi ikaanguka. Nilikuwa nimejua kusoma mwaka huo tu, nikisoma kila kitu, hata maandishi ya gunia. Nikasoma. Ilikuwa penseli nene ya baba, ile ya kutia alama mbao:

sahampuru
sahampurun
sahampurua
sahampurussa
sahampurusta
sahampuruun
sahampurulla

Nikahesabu. Saba. Nikarudia kuhesabu, yakawa saba tena, nikairudisha karatasi kwenye Zaburi haraka.

Shuleni tulikuwa tumeambiwa kila kitu kuhusu kiapo. Waliotuambia ni watoto wa darasa la nne, na kwetu hao walikuwa maprofesa. Walisema kiapo kina maneno saba yanayofanana, yasiyo ya lugha yoyote, na mwenye kukila huyakariri mpaka yamwingie damuni. Akiyasahau anakufa. Mtu wa nyumbani akiyajua, anakufa huyo. Na sasa nilikuwa nimeyajua, yote saba, na yalikuwa ndani ya neno la Mungu.

Nilianza kumchunguza baba. Mungu anisamehe, nilimchunguza baba yangu mzazi kama mwizi. Nilikaa nje ya bafu la mabanzi nikijifanya nacheza kode kwa vijiwe vyangu, na nikamsikia akinawa huku akinong'ona, "Sahampurusta... sahampurusta..." Mama akipita, baba anakohoa na kuanza wimbo wa kanisani. Mezani alikuwa akisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, akitazama mbali. Nikimwita, anashtuka. Wiki nzima sikula vizuri, na mama akanipa mafuta ya castor, akidhani ni minyoo.

Sikuwa na nia mbaya. Hilo nalisema kwa sauti kubwa, ingawa halinisaidii. Nyapara alikuwa amewakusanya watu uwanjani akatangaza kwamba aliyekula kiapo akisemwa mapema, atasafishwa na kurudishwa kwa watu wake. Atasafishwa! Mimi nikaona beseni, maji ya moto na sabuni ya mche. Nikamwona baba akisuguliwa mgongo, anatema maneno yale saba, halafu anarudi nyumbani kwa chakula cha jioni. Nilitaka baba yangu asafishwe.

Nilikwenda kwa mke wa nyapara, mama mpole ambaye hakuwahi kumfukuza mtoto mlangoni. Nikamwambia, "Baba ana maneno saba kwa Biblia." Akauliza, "Maneno gani, mami?" Nikamtajia matatu nikaogopa kuendelea. Alinipa andazi la moto, akanishika kichwa. Nikatoka na andazi langu, na hapo bombani, ndoo yake ikijaa, alikuwa amesimama Mama Wambui. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango niliotoka, akaangalia andazi. "Umekula mapema leo," akasema. Nikakimbia.

Kesho yake saa sita mchana msumeno ulinyamaza. Mama alitoka na mwiko mkononi. Askari wawili walikuwa wakimleta baba kati yao mpaka nyumbani, wakaingia moja kwa moja kwenye Biblia, kama watu walioonyeshwa. Baba alipoiona karatasi mkononi mwao alisema, "Ah, hiyo? Hiyo ni mambo ya kazi tu." Askari akamwambia, "Utaeleza Nakuru." Baba akamgeukia mama. "Mama Yohana, usilie. Nitarudi kesho." Yohana ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa kwa nyanya Maragoli. Mama hakulia. Alisimama mpaka lori likapotea kwenye kona, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza saa, "Ni nani amesema?"

Jibu alikuwa nalo kabla jua kutua. Nani husikia kila neno letu kupitia mabanzi? Nani huenda kwa nyapara kila siku? Nani ana bwana kambini na angetaka kumnunua kwa kumuuza wa mwenzake? Alizihesabu sababu hizo kwa vidole, mimi nikiwa nimekaa mbele yake, na kila kidole kilipokunjwa nilijua yanipasa kufungua mdomo, na sikuufungua.

Asubuhi Mama Wambui alikuja na mkebe wake na chupa kama kawaida. Mama alimpokea mkebe, akaupindua, na vumbi lote likamwagika miguuni pa mwenzake. Laini nzima ilikuwa imetoka nje.

"Umemuuza bwana yangu."

"Mimi? Mama Yohana, unaongea nini?"

"Nimekula na wewe. Nimekuachia mtoto wangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Sikusema kitu. Naapa kwa—"

"Usiniapie! Nyinyi na viapo vyenu!"

Watu wakaguna. Hilo lilikuwa neno la hatari siku zile, na mama alijua, na hakulirudisha. "Kama si wewe, ni nani?" akasema. "Haya, nitajie! Ni nani?"

Mama Wambui akanitazama. Nilikuwa nyuma ya gauni la mama, nimelishika kwa mikono miwili. Nilingoja anitaje. Haki nilitaka anitaje, maana mimi mwenyewe nisingeweza. Alinitazama kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, kisha akainama akaokota chupa yake. "Sijui," akasema. Akarudi kwake akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Bombani walimwacha awe wa mwisho, na kule ndani tulimsikia akishindilia vumbi peke yake, chupa ikianguka, akianza tena.

Baba alikaa Nakuru siku sita. Alirudi kwenye gari la kiwanda, uso umevimba upande mmoja, na aliyekuwa akiendesha ni Bwana Puru. Yule mzungu aliingia nyumbani kwetu, akakalia debe, akaomba chai. Mama alimpa chai akimwangalia kwa jicho la kumpima.

Baba ndiye aliyetueleza. Siku zote alikuwa anashuku kwamba Bwana Puru anamficha ufundi. Mzee yule akishika vumbi anajua kama meno ya msumeno yamekufa, kama yameelemea upande, kama gogo lina maji. Na kila mara neno lake lilikuwa tofauti kidogo. Baba akajiambia, ahaa, kumbe kuna aina saba za vumbi, na kila aina ina jina, na mzungu hataki nijue. Fundi hafundishi yote. Basi akawa anayaiba yale majina moja moja, anayaandika, anayakariri akioga. Biblia aliichagua kwa sababu hapo hakuna ambaye angeiba.

"Nikawaambia hivyo huko Nakuru," baba akasema. "Hizo ni aina saba za vumbi la mbao. Wakapiga simu kiwandani. Wakamuuliza huyu, je, vumbi la mbao ni aina ngapi? Huyu akajibu, moja."

"Moja," Bwana Puru akasema kwa huzuni. "Mimi sema kweli. Yeye pigwa kwa kweli yangu."

Siku ya tano ndipo mtu akafikiri kumwita Bwana Puru Nakuru na kumwonyesha karatasi yenyewe. Baba alisema mzee alipoisoma alitoa kofia, akakaa chini sakafuni mbele ya wakubwa, akasema kwa miaka saba hakuna mtu aliyeandika lugha ya mama yake katika nchi hii.

Pale kwetu alituonyesha. Alivuta mkebe wetu wa vumbi karibu. "Saha, hii msumeno. Neno hii si yetu ya zamani, babu zetu toa kwa jirani, huko Swideni, pamoja na msumeno mwenyewe. Puru, hii chenga, kitu kidogo-kidogo. Hii yetu. Watu wengine sema imetoka kwa kuuma, kwa meno." Akagonga meno yake. "Na 'n' hapa katikati, mdomo yetu geuza kuwa 'm', hii ni 'ya' yenu. Saha-n-puru. Chenga ya msumeno."

"Kilichotafunwa na msumeno," baba akasema polepole.

"Ndiyo! Hiyo!" Akatumbukiza tupa ya baba ya kunolea ndani ya vumbi. "Sahampurussa. Iko ndani." Akaichomoa. "Sahampurusta. Imetoka ndani." Akaisukuma tena. "Sahampuruun. Ingia ndani." Akachota kidogo tu kwa vidole: "Sahampurua. Kiasi tu, si yote." Neno lilikuwa moja, alisema, linabadilisha mkia kulingana na kazi ya siku.

"Kama sisi na nyumba na nyumbani," baba akasema.

"Kama. Lakini hii nyumbani yenu ni mvivu. Niko nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani, yeye vaa shati ile ile. Kwetu kila kazi shati yake."

Baba alianza kucheka. Alicheka huku ameshika taya lililovimba, akicheka na kuguna kwa maumivu, akilitaja kila neno na kujipiga paja. Amepigwa siku tano kwa ajili ya shati! Nami nikacheka. Nikadhani yameisha. Karatasi haina hatia, baba hana hatia, basi na mimi pia.

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika birika. "Sawa," akasema. "Nimesikia ya mkia. Lakini ni nani alisema?"

Baba akaacha kucheka. Alisema hawakumtajia jina. Walimwambia tu kwamba ni mtu wa karibu sana. Mama akageuka akautazama ule ukuta wa mabanzi, na upande wa pili tukasikia mtu anajikohoza kidogo.

Haikupita muda amri ikaja kwamba Wakikuyu wote wa laini wapakiwe warudishwe kwao. Kwao wapi, na Mama Wambui kitovu chake kimezikwa Elburgon? Malori yalifika asubuhi yenye ukungu. Mama alifunga mlango, akaniambia nisitoke. Nilipitia dirisha la nyuma.

Mama Wambui alikuwa amekaa juu ya fungu lake la nguo, Wambui mdogo amelala mgongoni. Aliponiona akaniita kwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema, "Ni mimi," nikafungua mdomo, na nikasema, "Ni—"

"Najua," akasema. "Nilikuona na lile andazi."

"Nitamwambia mama leo."

"Hapana." Akanishika kidevu, mkono wake baridi na mkavu. "Sikiza. Mimi naenda. Jina baya litaenda na mimi kwa hii lori, halitakaa hapa. Lakini wewe unabaki kwa hiyo nyumba. Mtoto akiitwa msaliti na mamake, atalala wapi? Nyamaza. Nimesema nyamaza. Na umwambie mamako maharagwe yangu nyuma ya nyumba yamekauka, avune, yasinyeshewe."

Wakamwita. Alipanda bila kusaidiwa na mtu, na sikumwona tena maishani mwangu.

Yale ya maharagwe nilimwambia mama. Alisonya, akasema hagusi kitu cha nyoka. Siku ya tatu mawingu yalipokusanyika, akachukua kikapu akaenda kuvuna.

Kwa miaka yote iliyofuata mama aliisimulia hadithi hiyo. Aliwasimulia akina mama wa kanisa, wakwe zake na wajukuu, kule Elburgon na baadaye Nakuru mjini. Alieleza jinsi jirani aliyekula chumvi yake alivyomuuza mumewe, na jinsi asivyomwamini jirani yeyote tangu hapo. Na kweli hakuamini. Alifunga sukari kwa kufuli. Baba alikufa akiamini vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai wakati mama anasimulia. Kwanza nilinyamaza kwa sababu niliagizwa ninyamaze. Baadaye nilikuwa mtu mzima, sikuwa tena na sababu hiyo, na bado nilinyamaza. Nilikuwa naogopa mama yangu asinipende. Nina miaka yote hii na sababu ilikuwa hiyo tu.

Wiki yake ya mwisho alikuwa hospitalini, mwepesi kitandani. Mchana mmoja alifumbua macho, akaniambia nisogee, nikadhani anataka maji.

"Yule mama," akasema. "Wa upande wa pili."

"Mama Wambui?"

"Huyo. Nimeomba sana, na Mungu amenisaidia. Nimemsamehe." Akanishika mkono akaufinya kwa nguvu zilizobaki. "Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kujua alitufanyia nini. Lakini ukikutana na mtu wake, mwambie nimemsamehe."

Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu na mama yangu akinitazama kwa macho safi kabisa. Nikavuta blanketi nikamfunika miguu.

"Asante, mama," nikasema. "Nitamwambia."